Umealikwa Ulaya? Anza na Karatasi Zako za Sekei

Sekei ni kata ya Arusha iliyozoea wageni. Ukianzia barabara ya Moshi, jirani na hoteli ya Mount Meru, na kupanda kuelekea mlimani, utapita nyumba inayopokea vijana waliokuja kujitolea, dereva anayeosha gari la safari, mpishi aliyeshuka jana kutoka Kilimanjaro. Mgeni akikaa siku kumi na dereva wake Serengeti, au miezi mitatu kwenye nyumba ya familia, urafiki hujengeka. Akifika kwao hutuma ujumbe: safari hii njoo wewe, chumba kipo, tiketi nitalipia.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea, kwa kudhani kwamba mwaliko ndio visa. Afisa wa ubalozi anayesoma maombi yako hapimi jinsi mwenyeji wako anavyokupenda. Anataka kujua mambo manne: unakwenda kufanya nini, utalala wapi, nani atagharamia, na kitu gani kitakurudisha nyumbani. Matatu ya kwanza mwenyeji anaweza kukusaidia kuyajibu. La nne ni lako peke yako, nalo ndilo linaloangusha maombi mengi. Jibu lake haliko Munich wala Amsterdam. Liko hapa, kwenye kazi yako, familia yako, shamba lako na akaunti yako ya benki. Kwa hiyo maandalizi ya safari ya Ulaya huanzia Sekei, miezi mingi kabla ya kupanda ndege.

Nitaeleza zaidi visa ya matembezi ya Schengen, kwa kuwa ndiyo wanayoihitaji wengi wanaoalikwa na marafiki wa Ujerumani, Uholanzi, Ufaransa, Italia au Denmark. Visa hiyo moja inatumika katika nchi 29. Uswisi na Norway zimo, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland ni mwanachama wa Umoja lakini haimo. Uingereza iko nje kabisa na ina visa yake.

Pasipoti na majina yako

Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania ilizinduliwa Januari 31, 2018. Ni ya miaka kumi na ada yake ni Sh150,000. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unalipa kwa kumbukumbu namba, kisha unafika ofisini kuchukuliwa picha na alama za vidole. Jiandae na kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha mzazi. Wengi waliozaliwa vijijini kwenye miteremko ya Meru hawana cheti cha kuzaliwa cha RITA, na wazazi wao ndiyo kabisa. Hilo pekee linaweza kula wiki kadhaa, basi anza nalo.

Kabla hujalipa chochote, tandaza karatasi zako zote mezani usome majina. Kwetu mtu huwa na jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba na jina la ukoo, na kila ofisi iliandika yale iliyoyasikia siku hiyo. Ukikuta NIDA inasema hivi, benki inasema vile na cheti cha ndoa kinasema vingine, mwone wakili akuandalie hati ya kisheria ya majina, kisha sahihisha moja baada ya nyingine. Afisa wa ubalozi hajui desturi zetu za majina. Akiona majina matatu, anaweza kudhani ni watu watatu.

Kwa visa ya Schengen, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu.

Mwaliko wenye nguvu ya kisheria

Ujumbe wa simu hautoshi, hata barua nzuri yenye saini haitoshi kila mahali. Ujerumani ina hati iitwayo Verpflichtungserklärung. Mwenyeji anaiomba kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha mshahara wake na kulipa euro 29. Kwa hati hiyo anajifunga kisheria kulipa gharama zako zote: chakula, malazi, matibabu, hata gharama za kukurudisha kwenu ukigoma kuondoka. Ubalozi unataka hati halisi, isiyozidi miezi sita, kwa hiyo aitume mapema kwa njia ya uhakika. Uholanzi ina fomu yake ya mdhamini na malazi, ambayo saini yake huthibitishwa na manispaa. Ufaransa ina attestation d'accueil inayotolewa na ofisi ya meya.

Mweleze mwenyeji wako waziwazi anachojifunga nacho. Wageni wengi waliotutembelea wana moyo mkubwa lakini hawajui sheria za nchi zao kuhusu sisi, kwa sababu wao wenyewe walipata visa ya Tanzania kwa kujaza fomu mtandaoni au kwa kulipa dola pale uwanja wa ndege. Rafiki aliyeelezwa mapema hujiandaa. Aliyeshtukizwa hurudi nyuma siku ya mwisho.

Katika barua yake aandike mlifahamianaje, lini na wapi, na mtafanya nini siku hizo. Picha za safari mliyofanya pamoja na mawasiliano ya miaka iliyopita hutoa ushahidi kwamba urafiki ni wa kweli. Kama unakwenda na kwaya au ujumbe wa kanisa, omba barua za pande zote mbili: usharika wako au dayosisi, na usharika unaowapokea. Barua hizo zitaje tarehe zilezile.

Onyesha kinachokurudisha

Hapa ndipo mtu wa Sekei ana kazi kubwa, kwa sababu maisha yetu mengi hayamo kwenye karatasi. Mwongoza watalii halipwi mshahara wa kila mwezi. Analipwa kwa safari, na sehemu kubwa ya kipato chake ni bakshishi mkononi. Mama mwenye vyumba vya kupangisha anapokea kodi bila risiti. Shamba la migomba na kahawa limerithiwa kwa ukoo na halina hati. Vitu hivi ni vya kweli, na vingemshawishi afisa kama angeviona. Kazi yako ni kuvihamishia kwenye karatasi.

Ukiwa umeajiriwa, omba barua ya mwajiri inayotaja cheo chako, mwaka ulioanza, mshahara, siku za likizo ulizopewa na tarehe ya kurudi kazini. Ukifanya kazi na kampuni kadhaa za utalii bila ajira ya kudumu, omba kila moja ikuandikie barua inayoeleza safari ulizoongoza na zile ulizopangiwa msimu ujao. Ongeza leseni yako ya uongozaji, namba ya mlipakodi na karatasi za TRA. Mwenye duka au genge aweke leseni ya biashara na risiti za mauzo. Mwenye vyumba aandikiane mikataba na wapangaji wake. Mwenye shamba la ukoo apate barua ya mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichomgawia. Weka cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya shule wanayosoma.

Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza au kwa lugha ya ubalozi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa huduma ya tafsiri na kuthibitisha tafsiri. Usitafsiri mwenyewe ukagonga muhuri wa duka la stationeri.

Kisha andika barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja. Eleza wewe ni nani, unafanya kazi gani, mwenyeji wako ni nani, utakaa siku ngapi na kwa nini lazima urudi tarehe hiyo. Andika unavyozungumza, bila sifa na bila kulia shida.

Pesa zenye historia

Ubalozi huomba taarifa ya benki ya miezi kadhaa iliyopita. Wengi hukopa milioni tano kwa ndugu, wanaziweka wiki moja kabla ya miadi, wanachapisha taarifa na kuzirudisha. Afisa anayesoma taarifa za benki kila siku huiona pesa hiyo mara moja: akaunti iliyolala miezi mitano, kisha ikaamka ghafla. Milioni moja na nusu iliyojengeka kidogo kidogo ina maana kuliko milioni tano zilizoshuka usiku mmoja.

Kwa hiyo kuanzia mwezi huu, bakshishi na malipo ya safari yaingie benki kwanza, ndipo uyatoe kwa matumizi. Kama wateja wako wanalipa kwa simu, omba taarifa rasmi ya miamala kutoka mtandao wako, yenye muhuri. Ukipokea pesa kubwa ya halali, kama malipo ya ng'ombe uliyemuuza au mchango wa mwenyeji, ambatisha mkataba au barua inayoeleza imetoka wapi.

Chagua tarehe zinazoeleweka

Arusha ina kalenda yake. Masika ya Aprili na Mei wageni hupungua, magari hupumzika, kambi nyingi hufungwa. Juni wageni wanaanza kurudi, na Julai hadi Septemba hakuna dereva anayekaa nyumbani. Mwongoza watalii anayeomba kwenda Ulaya katikati ya Aprili na kurudi kabla ya Juni anaeleweka: anakwenda wakati kazi imelala na anarudi wakati kazi inamngoja. Anayeomba kuondoka Julai kwa miezi mitatu anamfanya afisa ajiulize atakula nini akirudi. Mwalimu naye aombe likizo ya shule, na mkulima asiombe wakati wa mavuno.

Omba pia siku chache. Sheria inaruhusu hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, lakini kwa safari ya kwanza wiki mbili au tatu zinatosha na zinaaminika.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika 45. Anayetaka kusafiri Aprili ahakikishe pasipoti ipo mkononi kabla ya Krismasi, hati ya mwenyeji imefika Januari, na miadi imeshikwa mapema, kwani nafasi huisha.

Omba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, omba kwa nchi utakayoingia kwanza. Usikimbilie ubalozi unaosemekana kuwa rahisi wakati mwenyeji wako yuko nchi nyingine. Hilo pekee linaweza kukunyima visa.

Bima, tiketi na safari ya Dar

Bima ya safari ni lazima: igharamie matibabu na kurejeshwa nyumbani kwa kiwango kisichopungua euro 30,000, katika nchi zote za Schengen na kwa siku zote za safari. Tiketi usinunue kabla ya visa. Shikilia nafasi tu, uchapishe ratiba ya kwenda na kurudi. Ada ya visa ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi 11, na hairudishwi ukikataliwa.

Balozi ziko Dar es Salaam, na za Ujerumani na Uholanzi ziko jengo la Umoja House. Huwezi kumtuma mtu, kwa kuwa unatoa alama za vidole. Alama hizo hutunzwa kwa miezi 59, kwa hiyo ukiomba tena ndani ya muda huo kwa kawaida hutarudia. Kutoka Arusha ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Fika siku moja kabla, ulale, uende miadini ukiwa umepumzika. Panga karatasi kwa mpangilio wa orodha ya ubalozi, zikiwa na nakala. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Usiyoyajua sema huyajui.

Jihadhari na vishoka

Mjini Arusha kuna watu wanaouza "visa ya uhakika". Hakuna mtu nje ya ubalozi mwenye visa ya kuuza. Anachokuuzia kishoka ni barua ya kazi ya kampuni isiyokuwepo, taarifa ya benki ya kughushi, au ahadi. Karatasi ya uongo ikigundulika, anayeadhibiwa ni wewe. Kumlipa mtu akusaidie kujaza fomu si kosa, lakini soma kila mstari kabla ya kusaini, kwa sababu saini ni yako.

Onyo kubwa zaidi ni kwa vijana wanaoahidiwa kazi za nyumbani au hotelini Ghuba na Ulaya, kisha wakaambiwa waende kwa visa ya matembezi. Visa ya matembezi hairuhusu kazi. Ukifanya kazi nayo unakuwa mikononi mwa tajiri wako, bila mkataba na bila pa kushtaki. Kazi za nje zipitie Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA. Kadhalika, anayekwenda kujitolea mwaka mzima, kusoma au kuishi na mwenza aombe visa ya muda mrefu ya nchi husika. Kwa Ujerumani, mwenza kwa kawaida hutakiwa awe na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, na Goethe-Institut iko Dar es Salaam. Kusema unakwenda kutembea wakati unakwenda kuolewa kunaharibu visa zote mbili.

Siku ya safari

Visa ikitoka, isome kabla ya kushangilia. Ina tarehe ya kwanza na ya mwisho ya matumizi, na ina idadi ya siku za kukaa. Mara nyingi tarehe ni pana kuliko siku. Ukiandikiwa siku 21, ni siku 21, hata kama tarehe ya mwisho iko mwezi unaofuata. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa.

Visa pia haimlazimishi afisa wa mpakani kukuruhusu. Anaweza kukuuliza upya unakwenda wapi na una nini. Weka kwenye mkoba wa mkononi mwaliko, bima, tiketi ya kurudi, anwani na namba ya simu ya mwenyeji, na ushahidi wa pesa. Wengi huacha karatasi hizo kwenye begi kubwa, halafu begi linakuwa upande wa pili wa dirisha la uhamiaji. Tangu Oktoba 12, 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili uso na alama za vidole za wageni mpakani badala ya kugonga mihuri, kwa hiyo kompyuta inahesabu siku zako kuanzia dakika unayoingia.

Zawadi nazo zina sheria. Nyama, maziwa na samli haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya mizigoni mwa abiria. Matunda mengi, parachichi na embe yakiwemo, yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi na nanasi hazihitaji. Kahawa iliyokaangwa ya Meru ni zawadi salama na nyepesi. Ngozi, meno na pembe za wanyamapori usiguse.

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano kama ndege inapitia Nairobi au Addis Ababa, kwani inaweza kuulizwa unaporudi. Chanjo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha.

Ukikataliwa

Utapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Isome kwa utulivu. "Madhumuni ya safari hayakuthibitishwa" humaanisha mwaliko ulikuwa dhaifu. "Kuna mashaka juu ya nia ya kuondoka" humaanisha maisha yako ya Sekei hayakuonekana. Una haki ya kupinga uamuzi, lakini Ujerumani ilifuta, kuanzia Julai 1, 2025, utaratibu wa kuuomba ubalozi upitie upya uamuzi wake, hivyo kilichobaki ni mahakama ya utawala ya Berlin au maombi mapya. Kwa wengi, maombi mapya yenye karatasi zilizorekebishwa ndiyo njia. Ukiulizwa kama umewahi kukataliwa, sema ndiyo.

Ukisubiri, jenga historia ya safari kwa majirani. Kwa pasipoti ya Tanzania huhitaji visa kuingia Kenya, Uganda au Rwanda, na Afrika Kusini unaruhusiwa hadi siku 90 kwa mwaka. Namanga iko zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka hapa, na tangu 2018 kituo cha pamoja kimerahisisha kuvuka. Kwenda Nairobi na kurudi kwa wakati ni ushahidi kwamba wewe ni mtu anayesafiri na kurejea.

Anayealikwa Marekani asilipe kitu kabla ya kusoma tovuti ya ubalozi wao. Oktoba 2025 Watanzania waliwekewa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa visa ya matembezi, na kuanzia Januari 1, 2026 tangazo la rais wa nchi hiyo lilisimamisha utoaji wa visa za matembezi na za wanafunzi kwa Watanzania, isipokuwa kwa walio kwenye misamaha maalumu. Sheria za visa hubadilika bila kumngoja mtu. Soma chanzo rasmi wiki unayoomba, hata kama ndugu yako aliomba mwaka jana.

Msomaji wangu, kama una rafiki ng'ambo aliyekuambia njoo, usimjibu kwa kumuuliza bei ya tiketi. Wiki hii tafuta cheti chako cha kuzaliwa, linganisha majina, na peleka benki malipo ya safari yako inayofuata. Na ukipata visa, rudi tarehe uliyoandika. Kurudi kwako kwa wakati ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote utakayokuwa nayo ukiomba mara ya pili.